Dhamana ya Dada

Katika nchi ya Kilimanjaro, ambako wakulima wa kahawa waliandikisha umoja wao wa ushirika mwaka 1933, palikuwa na mama mmoja mjane, mshoni wa nguo. Jina lake halitajwi, kwa kuwa mambo yaliyompata ni ya nyumba nyingi. Kila mwezi alipeleka shilingi 20,000 katika chama cha akiba na mikopo, kwa muda wa miaka minne karibu. Maana binti yake alitaka kusomea ualimu, na fedha hiyo ndiyo iliyokuwa karo yake.

Mdogo wake, mwanamume mwenye maneno matamu, alikuwa mwanachama vilevile. Siku moja alimwendea akamwambia, "Dada, nataka kununua pikipiki nichukue abiria. Akiba yangu ni shilingi 1,000,000, nacho chama hukopesha mara tatu ya akiba. Nimekosa wadhamini tu. Nitilie sahihi, hutatoa hata senti moja." Dada akatia sahihi, wala hakuisoma karatasi. Mdhamini wa pili alikuwa binamu yao.

Watu wengi hudhani kwamba sahihi ya namna hii ni ushuhuda wa tabia njema tu. Sivyo. Mdhamini huiweka akiba yake rehani kwa deni la mwenziwe. Desturi hii si ya juzi. Mjerumani Friedrich Wilhelm Raiffeisen alipoanzisha chama cha kukopeshana huko Heddesdorf mwaka 1864, wanachama walijifunga kwa mali zao zote. Kwa hiyo kila jirani alimchunguza jirani yake. Lakini nani amchunguzaye nduguye? Huona haya hata kumwuliza.

Yule kijana alilipa shilingi 600,000, kisha pikipiki ikaharibika, naye akaacha kulipa. Riba tuiache kando, hesabu isije ikawa ndefu. Deni lilibaki shilingi 2,400,000. Chama kikatwaa kwanza akiba yake mwenyewe, zikabaki 1,400,000. Nazo zikagawanywa kwa wadhamini wawili, kila mmoja 700,000. Dada hakuwa na habari hata alipokwenda kutoa karo. Karani akamwonyesha daftari: zimebaki shilingi 200,000.

Alirudi nyumbani asiweze kusema. Binti yake alikuwa amekwisha kupanga nguo zake sandukuni.

Baba mkubwa akawakutanisha jamaa. Kijana akasema, "Sikuiba. Pikipiki imekufa; na fedha ya ndugu si fedha ya ukoo?" Mama yao mzee akamsihi binti yake anyamaze, majirani wasisikie. Huruma ya mama hiyo, lakini haikuwa haki. Kwani aliyeambiwa kunyamaza ndiye aliyenyang'anywa. Ndipo dada aliposema, "Mdogo wangu, pikipiki kufa si kosa lako. Lakini miezi saba ulikuwa ukipita njia ya mgombani usinione. Ungalikuja mwezi wa kwanza, tungaliiuza ingali na bei."

Kijana akainama. Baba mkubwa akamwuliza kama ni kweli, akajibu kwamba ni kweli. Basi wakaamua auze pikipiki ile kwa bei yoyote, bei hiyo apewe binamu, aliyekuwa amekwisha kutishia kwenda mahakamani. Na dada amlipe shilingi 50,000 kila mwezi, miezi kumi na minne. Binamu alizipokea, zikiwa pungufu, na tangu siku hiyo hajala tena katika nyumba ile.

Binti hakwenda chuoni mwaka ule. Alikaa na mamaye akishona vifungo vya sare za watoto wa shule. Mwisho wa mwezi mjomba wake alikuja jioni, kwa njia kuu, akamtia yeye shilingi 50,000 mkononi bila kuketi. Mama akaondoka cherehani, akazihesabu mara mbili, akaziandika.