Neno la Mdomo Lilipotea Njiani



Mwaka 1969 nilikuwa utingo wa lori. Tulipeleka mizigo Zambia kutoka Dar es Salaam, tukarudi na shaba. Wakati wa masika barabara ilikuwa tope tupu. Simu za mkononi hazikuwapo. Njia tuliijua kwa milima, mito na kuuliza watu. Lori likiharibika, tulikata matawi tukayaweka barabarani, ili wenzetu wapunguze mwendo. Habari iliandikwa kwenye karatasi, akapewa dereva anayekwenda mjini.

Siku moja springi ya nyuma ilivunjika karibu na mlima Kitonga. Dereva wangu akaumia mkono wa kulia, hakuweza kuandika. Mimi sikujua kuandika. Nikamwambia dereva mwingine kwa mdomo. Baada ya siku tatu tukaletewa springi ya mbele!

Mkono wa dereva ulizidi kuvimba. Lori jingine likampeleka hospitali. Nilibaki peke yangu kulinda mzigo, siku nne zaidi. Wanakijiji walinipa ugali.

Mwaka 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, nilijiandikisha darasani. Ndugu, nawe usiache kusoma. Neno la mdomo hubadilika njiani. Lililoandikwa hufika lilivyo.