Mmea wa Dira wa Mbuga za Marekani

Kwa askari na kwa msafiri, dira ni chombo cha mfukoni. Katika jimbo la Illinois, nchini Marekani, imo dira nyingine iotayo ardhini. Leo apitaye huko huona mashamba ya mahindi na soya hadi upeo wa macho. Lakini kabla ya walowezi kufika, sehemu kubwa ya jimbo ilikuwa mbuga ya majani marefu, ambamo mmea wa dira ulitoa maua ya manjano yanayofanana na alizeti.

Mmea huu hupita kimo cha mtu, na huweza kufikia mita 3. Majani yake ya chini husimama wima, kingo zake zikielekea kaskazini na kusini. Mwaka 1842 ofisa wa jeshi la Marekani, Benjamin Alvord, aliwaarifu wataalamu wa Washington juu ya jambo hilo. Jani lililosimama hivyo hupokea jua la asubuhi na la jioni, na hukwepa jua la utosi. Hivyo maji hayapotei bure. Mzizi wake nao huweza kushuka zaidi ya mita 4. Kwa sababu hiyo ukame na moto haviuui. Huchipua tena, na huishi miaka mingi.

Kilichoushinda ni plau. Mwaka 1837, huko Grand Detour, mhunzi John Deere alitengeneza plau ya chuma laini king'aacho, ambayo udongo mzito haukuigandama. Wakulima wakapata mavuno tele, mbuga ikatoweka. Ya asili imesalia chini ya sehemu moja katika elfu, hasa kandokando ya reli na katika makaburi ya zamani, ambako plau haikupita.

Hata huko hakuna usalama kamili. Katika kitabu chake cha mwaka 1949, Aldo Leopold wa jimbo jirani la Wisconsin alieleza jinsi mmea mmoja ulivyosalia pembeni mwa makaburi, hadi wafanyakazi wa barabara walipoondoa uzio na kuufyeka.

Hata hivyo, katika miaka ya 1930, Chuo Kikuu cha Wisconsin kilianza kurudisha mbuga mjini Madison, juu ya shamba lililokwisha kulimwa, na vijana wa kambi za kazi za serikali wakaifanya kazi hiyo. Apandaye mbegu ya mmea wa dira hungoja miaka kadhaa kabla ya kuona ua la kwanza. Plau ilihitaji msimu mmoja tu.