Mbwa wa Marehemu Baba Aenda Shule

Kwenye malango mengi ya Nairobi kuna kibao cha bati kilichoandikwa "Mbwa Kali". Mwalimu yeyote wa Kiswahili atakwambia kuwa sarufi hiyo imevunjika mguu, kwani mbwa huwa mkali wala hawi kali. Lakini ujumbe hufika. Hapa kwetu mbwa anayeheshimiwa ni yule anayeogopwa, na ukimwambia mtu kwamba unampeleka wako kufunzwa adabu, atakutazama kana kwamba unampeleka kuku kwa kinyozi.

Mimi nilitazamwa hivyo kwa majuma manane mfululizo.

Simba alikuwa mbwa wa baba. Baba alipoanguka shambani kule Kangundo, ni Simba aliyebweka bila kukoma hadi majirani wakaja, ingawa walikuwa wamechelewa. Baada ya matanga tulimshawishi mama, mwenye umri wa miaka 71, aje kuishi nasi South C. Alikubali kwa sharti moja tu, na sharti lenyewe lilikuwa na miguu minne na mkia.

Mbwa wa shamba hajui lango wala kamba. Jumamosi moja alichomoka akamrukia mtoto wa jirani aliyekuwa akienda madrasa. Hakumng'ata, alimlamba usoni na kwenye kanzu. Mtoto alikimbia kwa hofu, akatumbukia mtaroni na kuvunjika kifundo cha mkono. Tulilipa gharama za hospitali, lakini kulikuwa na jambo ambalo pesa haziwezi kulifuta. Kwa majirani zetu Waislamu, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati yake kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mama wa mtoto aliifua kanzu ile uani kwake huku sote tukimwona.

Juma lililofuata barua ya kamati ya wakazi ikafika: miezi miwili, Simba awe ametulia au awe ameondoka. Mama aliisoma, akaikunja, akasema, "Simba akitoka, nami natoka." Mama si mtu wa kutisha watu bure.

Mafunzo yalikuwa kila Jumamosi asubuhi katika uwanja mmoja kando ya Barabara ya Ngong. Matatu hazibebi mbwa, kwa hivyo binamu yangu alituazima pikapu. Kabla ya lolote, mwalimu alidai cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapo sikumlaumu. Dalili za ugonjwa huo zikishamtokea mtu, hakuna dawa ya kumwokoa, na aghalabu maambukizi hutokana na kuumwa na mbwa. Serikali imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo nchini ifikapo mwaka wa 2030. Msomaji, ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama mbwa ataugua.

Silaha ya mwalimu haikuwa kiboko, ilikuwa maini. Yalichemshwa na kukatwa vipande vidogo kama ukucha. Ukikipandisha kipande juu ya pua ya mbwa na kukirudisha nyuma kidogo, kichwa huinuka kufuata harufu na matako hushuka yenyewe. Yakigusa chini tu, mpe papo hapo. Ukikawia kidogo atadhani anatuzwa kwa kugeuza shingo. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904 kwa uchunguzi wake kuhusu usagaji wa chakula, aliona kwamba mbwa huanza kudondokwa mate hata kabla ya kukiona chakula, mradi awe amezoea ishara yake. Simba naye alidondokwa mate alipoiona tu mifuko ya suruali yangu.

Kukaa, hata hivyo, alikataa. Juma la kwanza "Sit!" na juma la pili "Kaa!" ziliambulia patupu. Nilianza kukumbuka ile methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, kwani Simba ana miaka sita. Mwalimu akaipuuza methali yangu. Alisema mbwa mzima hujifunza vizuri tu, pengine hata kuliko mtoto wa mbwa ambaye kila kipepeo humpotezea mawazo.

Jumamosi ya tatu mama alikuja nasi, akaketi pembeni na kikapu chake. Alitazama nikihangaika, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ikala nthi." Simba akakaa kwa kishindo, masikio yamesimama, akageuza kichwa kuangalia nyuma yetu kana kwamba kuna mtu mwingine anakuja.

"Mama, umemwambia nini?" mwalimu akauliza.

"Kaa chini. Baba yao alimwambia hivyo kila jioni kabla ya kumpa chakula."

Tulirudi nyumbani kimya siku hiyo.

Basi Kikamba kikawa lugha rasmi ya masomo. Mwalimu alisisitiza kwamba neno likishachaguliwa, nyumba nzima ilitumie hilo hilo, tena mara moja, si kulirudia kama muuza magazeti. Dada anayetusaidia kazi, mzaliwa wa Busia, sasa hulitamka vizuri kuliko wanangu. Yaliyobaki yalikuwa jasho tupu: dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kusimama tuli kama mti kila anapovuta kamba, na kumzoesha kungoja hatua mbili, kisha kumi, kisha mpira ukipita mbele yake. Kuruka juu ya watu ndiko kulikotuchosha zaidi. Dawa yake ni kumgeuzia mgongo hadi miguu yote minne iwe chini, jambo rahisi kulisema lakini gumu kwa mtu aliyevaa suti.

Siku ya kamati, jirani alikuja na mwanawe, mkono umepona. Mtoto alisimama mbali, kisha akapita taratibu akiidunda mpira. Mama ndiye aliyeshika kamba. Alisema maneno yake mawili, na Simba akakaa, akitetemeka mwili mzima kwa hamu, lakini amekaa. Mtoto akapita tena, karibu zaidi.

"Sawa, Mama," jirani alisema. "Lakini kamba isitoke."

Haijatoka. Mama humtembeza saa kumi na mbili asubuhi, kabla watoto hawajatoka, na humpitisha upande wa pili wa barabara wa nyumba ya jirani. Kilichobaki ni paka. Somo la paka, mwalimu ametuarifu, ni la darasa la pili, na lina karo yake.