Maji ya Njiani: Safari ya Mume na Mke kutoka Kariokor hadi Lamu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeifanya ardhi kuwa nyepesi kwa waja wake ili watembee katika pande zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, na hasa nyinyi akina mama: familia nyingi zenye asili ya Pwani zinazoishi Nairobi hurudi kwao kwa njia ya dharura tu. Simu hulia usiku kuwa kuna maiti. Basi hupandwa usiku huo huo, maziko huhudhuriwa, na kabla ya hitima watu wamekwisha anza kuulizana tiketi za kurudi. Au ni arusi, nayo huenda kwa mbio zile zile. Mwanamke katika safari hizi huiona Pwani kutoka jikoni mwa nyumba ya matanga, kisha kutoka jikoni mwa nyumba ya arusi. Likizo ya madrasa ilipofika mwaka huu, sisi na ahali yetu tulinuia safari ya namna nyingine: kuunga udugu, kuzuru athari za waliotutangulia, na kwenda pamoja bila ya kufukuzwa na saa.

Tulikuwa tumesoma habari za wazee wa Ulaya ambao, wakishastaafu, hununua gari-nyumba lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, wakafuata ukingo wa bahari ya Atlantiki, mume na mke, kwa majuma na miezi. Sisi gari letu ni Noah kuukuu, lile lile linalobeba watoto wa chuoni. Viti vya nyuma tuliving'oa, tukatandika godoro la sponji, tukatungika mapazia ya kitenge, tukapakia jiko dogo la gesi, mkeka, msahafu, madumu mawili ya maji na birika la plastiki la kutawadhia. Ahali yetu alishuka sokoni Kariokor akanunua vyondo sita vya katani kuwa zawadi, kwani haifai kubisha hodi mikono mitupu. Hilo ndilo lililokuwa gari-nyumba letu.

Inafaa kukumbusha jina la mtaa tuliotokea. Kariokor ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliokusanywa na Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, na Kariakoo ya Dar es Salaam imelipata jina lake kwa asili hiyo hiyo. Walikuwa wana wa nchi hizi waliobebeshwa mizigo ya vita visivyokuwa vyao, wakatembea kwa miguu mamia ya maili, na wengi mno hawakurudi kwa wake zao. Maradhi na njaa viliwaua kuliko risasi. Anayetoka Kariokor kwa hiari yake, amekaa na mkewe ubavuni na maji ya kutosha nyuma yake, ana jambo kubwa la kushukuru.

Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri. Kwa madhehebu yetu ya Kishafi, mwenye safari halali ya marhala mbili, yaani kilomita 80 na kitu, ana rukhsa ya kupunguza swala za rakaa nne zikawa mbili tangu anapoyavuka majengo ya mji wake. Aweza pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Magharibi hubaki tatu na Alfajiri mbili. Akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, rukhsa hiyo humwondokea. Tunayaeleza haya kwa kuwa wako akina mama wanaodhani kuwa ni ya wanaume peke yao. Si hivyo, msafiri ni msafiri.

Tulipita Sultan Hamud, mji mdogo uliopewa jina la mfalme wa Unguja wakati reli ilipokuwa ikijengwa, na adhuhuri ikatukuta karibu na Mtito Andei, nusu ya njia ya Mombasa. Tukasimama kwenye kituo kimoja cha mafuta chenye msikiti mdogo wa mabati. Mifereji ya kutawadhia ilikuwa nje, imeelekea uwanja wa malori, na madereva wamejaa. Msikiti ulikuwa na mlango mmoja na safu tatu, zote za wanaume. Ahali yetu alitazama, kisha akasema kwa upole: "Maalim, msafiri amepunguziwa rakaa, lakini mwanamke msafiri hakupunguziwa stara. Atatawadhia wapi?"

Alitawadha ndani ya gari, pazia limeshushwa, kwa birika la plastiki na beseni. Akaswali juu ya mkeka baina ya gari na ukuta, nasi tumesimama upande wa pili kumkinga na wapita njia. Tangu hapo akafungua daftari, na kila msikiti au chumba cha swala tulichokipita akaomba tusimame. Hadi Mariakani alikuwa amekagua mahali patano. Pawili palikuwa na chumba cha wanawake chenye maji yake na mlango wa kufunga. Pawili palikuwa na chumba lakini maji ni ya kushirikiana na wanaume. Pale pa kwanza hapakuwa na kitu. Njiani tulipishana na mabasi kadhaa, na kila basi lilikuwa na mabuibui madirishani. Wanawake hao huswali wapi? Jibu alilolipata ahali yetu alipowauliza wawili watatu lilikuwa moja: huchelewesha, au huingia choo cha kulipia wakatawadha humo kwa dhiki.

Usiku wa kwanza tulilala garini mjini Voi, ndani ya ua wa msikiti, kwa idhini ya imamu. Siku ya pili tukateremka Mombasa, tukavuka daraja la Nyali lililofunguliwa 1980, badala ya lile la kuelea la mwaka 1931, tukashika njia ya kaskazini. Wazee wa leo wanakikumbuka kivuko cha Mtwapa kilichovutwa kwa minyororo huku wavutaji wakiimba. Sasa mtu huuvuka mkono ule wa bahari kwa daraja asijue kuwa amevuka.

Baada tu ya Mtwapa tuliingia Jumba la Mtwana, mji wa mawe wa karne ya 14 uliohamwa baada ya kiasi cha miaka mia moja. Msikiti wake umesimama karibu kabisa na bahari, na pembeni yake pana kaburi lenye maandishi ya aya ya kukumbusha mauti. Birika la kutawadhia bado liko, na mbele yake yamepangwa matumbawe ya kusugulia miguu. Kisha mlinzi akatuonyesha upande ambao, kwa maelezo ya wachimbuzi, palikuwa na chumba cha wanawake. Ahali yetu aliketi juu ya ukuta ule mfupi kwa muda mrefu. Akaliandika Jumba la Mtwana katika daftari lake, mahali pa sita, na mbele yake akatia alama ya vema.

Usiku huo tulifika Takaungu, mji waliouhamia Mazrui baada ya kuondolewa Mombasa mwaka 1837. Hapo gari-nyumba letu lilishindwa na ada za Waswahili. Mwenyeji wetu, mwalimu tuliyesoma naye, aliposikia kuwa tunakusudia kulala garini aliona tumemvunjia heshima. "Mgeni alale barabarani na mimi nina dari?" Mkewe akamshika ahali yetu mkono, akamtia ndani, na hatukumwona tena mpaka chakula kilipoletwa: wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha. Wazungu wanahitaji gari lenye kitanda kwa kuwa hawana jamaa kila kijiji. Kwetu sisi, tukiunga udugu, pwani nzima ni nyumba.

Siku ya tatu tulivuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa 1991, tukaukata msitu wa Arabuko Sokoke hadi Gedi. Mji huu ulitangazwa kuwa athari ya kuhifadhiwa mwaka 1927, James Kirkman akaanza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO wakautia katika orodha ya urithi wa dunia. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Lakini yaliyotushughulisha sisi yalikuwa madogo zaidi. Msikiti mkuu una kisima chake, na maji yalipitishwa kwa mfereji hadi kwenye birika. Ndani ya nyumba mna vyoo vyenye mahali pa kustanjia. Watu wale hawakuwa na saruji wala mabomba, walikuwa na matumbawe na chokaa tu. Lakini walijua kuwa dini yao haisimami bila ya twahara, na twahara haipatikani bila ya maji na stara. Miaka mia sita baadaye, tuna lami na umeme, na mama wa Kiislamu anatawadha garini.

Tulilala Malindi katika ua wa chuo, safari hii garini kwelikweli, na upepo wa bahari ukipuliza mapazia. Siku ya nne tukavuka mto Sabaki, tukapita Mambrui na mashamba ya chumvi ya Gongoni, hadi Garsen na mto Tana, mrefu kuliko yote ya Kenya. Njia ya kutoka Garsen kwenda Lamu imepata kuwa na misukosuko ya usalama. Kwa hivyo mwenye familia aulize kwanza kituo cha polisi, asafiri mchana, na afuate analoambiwa. Kujihadhari si uchache wa tawakali. Ahali yetu alitaka tusimame kwa wanawake wa Kiorma waliokuwa na maziwa kando ya njia. Tukasimama. Akazungumza nao nusu saa, nasi tukangoja.

Katika kungoja huko tulikikumbuka kisa ambacho kila mwanafunzi wa fiqhi anakijua. Mtume (s.a.w.) alikuwa safarini, Bibi Aisha (r.a.) akapoteza mkufu wake, na msafara mzima ukasimama kuutafuta mahali pasipokuwa na maji. Watu walinung'unika, na babake mwenyewe akamlaumu. Kulipopambazuka ndipo iliposhuka aya ya tayamamu, na umma wote ukapata wepesi mpaka siku ya Kiyama. Ni Mtume huyo huyo aliyewaambia watu watangulie, akashindana mbio na mkewe. Basi kumngojea mke njiani si udhaifu wa mwanamume. Ni mwendo wa Mtume, na una baraka zake.

Tulipita Witu, uliokuwa makao ya Sultani Ahmed Simba, tukafika Mokowe. Hapo barabara huishia majini. Gari tukaliacha, tukapanda mashua hadi Lamu, mji mkongwe uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, ambako punda ndio wenye njia. Tuliswali Riyadha ya Habib Swaleh; sisi wa Kariokor tuna Riyadha yetu jirani, Pumwani, na kuliona jina hilo ufukweni kulitutuliza moyo. Katika nyumba ya wenyeji wetu tulionyeshwa birika la kale lenye visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu, ili maji ya kutawadhia yabaki safi. Tulikaa siku tatu, tukarudi kwa njia ile ile.

Sasa tulitakalo kwenu. Zubeida bint Jaafar, mke wa Harun al-Rashid, aliishika njia ya Hija akaona kiu na dhiki ya mahujaji. Hakuridhika kusikitika. Alitoa mali yake, visima na mabirika yakajengwa njiani kutoka Kufa hadi Makka, na maji yakaletwa Makka yenyewe. Amefariki mwaka 216 Hijria, na njia ile hadi leo inaitwa Njia ya Zubeida. Mwanamke aliyesafiri aliona kile ambacho misafara mingi ya wanaume ilikipita.

Enyi kamati za misikiti ya barabara ya Mombasa na Malindi: hatuombi mnara mpya. Tunaomba ukuta wa matofali, mfereji mmoja, choo kimoja, mlango wenye komeo kwa ndani, na kibao kinachoonyesha upande wa wanawake. Enyi akina mama mnaochanga kila mwezi katika vyama vyenu: mkitaka sadaka ya kuendelea, hii hapa, na kila atakayetawadha humo mtashiriki katika ujira wake. Na enyi waume: msiwangojee wake zenu mpaka kuna maiti ndipo msafiri nao. Nendeni nao wakiwa na afya, mkiwa na maji ya kutosha, na wakisema simama, simameni.

Daftari la ahali yetu lina majina ya misikiti kumi na minne, pamoja na upungufu wa kila mmoja. Nakala zake amekwisha waandikia maimamu wake kwa mkono wake mwenyewe, na wawili wamejibu kuwa wataanza kujenga. Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi wasafiri wetu, waume kwa wake, na awasitiri kama walivyotaka kusitirika. Wabillahi tawfiq.