Kifafa si bamvua

Pwani ya Tanga, mama mmoja alikuwa akimpa mwanawe dawa za kifafa kwa kuhesabu mwezi. Mwezi ukikaribia kujaa, vidonge vinatoka kabatini, ukipita, vinarudi. Hakuwa mzembe. Vidonge ni vya kununua, na mumewe ni mvuvi, anajua bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Kama mwezi unavuta bahari nzima, utashindwaje na kichwa cha mtoto wa miaka sita?

Swali hilo halijibiwi kwa kumcheka mtu. Muuguzi wa kliniki, mtu mzima, alimwambia: “Mwanangu, beseni lako la kufulia, siku ya bamvua umewahi kuliona likijaa lenyewe?”

Hajawahi, na sababu ni umbali. Vitu vyote huvutana. Uzito ukiwa maradufu, mvuto nao huwa maradufu, lakini umbali ukiwa maradufu mvuto hushuka hadi robo. Mwezi ni mzito mno, ila uko kilomita 384,000 hivi kutoka hapa. Bahari hujaa kwa kuwa upande wa dunia unaoutazama mwezi uko karibu nao kuliko upande wa pili kwa takriban kilomita 12,700, hivyo huvutwa zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayosogeza maji. Kichwa cha mtoto, kama beseni, ni kidogo mno kuwa na tofauti ya maana kati ya upande mmoja na mwingine. Mama mwenyewe akimpakata huleta tofauti inayozidi ya mwezi zaidi ya mara milioni moja, kwa ukaribu tu, na bado haimdhuru.

Mbalamwezi ni habari nyingine. Watoto hucheza nje hadi usiku mwingi, na kukosa usingizi kunajulikana kuchochea kifafa. Tena mtoto akianguka mwezi mpevu, mtaa mzima hukumbuka. Akianguka usiku wa giza, nani anahesabu?

Hatari kubwa ilikuwa zile siku vidonge vilipokaa kabatini. Dawa za kifafa hunywewa kila siku, na kuziacha ghafla huweza kuleta degedege kali isiyokatika. Mtoto akianguka, alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, na mtu atazame saa. Zikipita dakika 5, apelekwe hospitali.