Safari Yetu ya Trinidad kwa Begi Moja la Mgongoni



Sifa zote njema ni za Allah (S.W), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na masahaba zake wote.

Ndugu zetu katika imani, tangu turudi wengi mmekuwa mkitusimamisha njiani hapa Buyenzi mkituuliza: "Maustadh, mlikwenda kufanya nini huko mbali, na pesa mlizitoa wapi?" Tumeona bora tuwajibu wote kwa pamoja, maana habari ya barazani haikosi kutiwa chumvi. Kuna aliyesikia kwamba tumetumwa na serikali, na kuna aliyesikia kwamba tumehama kabisa na familia zetu!

Ukweli ni huu. Sisi ni walimu wawili wa madrasa moja. Zamani mmoja wetu alisoma Madina na kijana wa Trinidad na Tobago, nchi ya visiwa viwili katika bahari ya Karibiani, jirani kabisa na Venezuela. Hawakupoteana. Mwaka 2024 huyo mwenzetu akatuandikia kwamba atatuchangia nusu ya nauli, nusu nyingine tuitafute wenyewe, na malazi yatakuwa kwake. Tukauza pikipiki, tukakopa kidogo kwa ndugu, na mwezi wa Julai madrasa ilipofungwa tukaondoka. Mfukoni tulikuwa na dola 500 za Kimarekani, za wiki 3, sisi wawili.

Kabla ya kuendelea tukiri jambo moja. Wiki mbili kabla ya safari tulimrudisha nyumbani mtoto mmoja kwa sababu ada yake ilikuwa haijalipwa miezi minne. Tulimwambia mbele ya wenzake asirudi mpaka aje na mama yake na pesa mkononi. Hakurudi. Sisi tukasafiri wala hatukumfikiria tena. Mtaona mbele kwa nini tunalitaja.

Kwanza mizigo. Kila mmoja alikuwa na begi moja la mgongoni, basi. Kanzu mbili, suruali mbili, kandambili, mswala mwepesi, msahafu mdogo, dawa za tumbo na mwavuli, kwa kuwa Julai na Agosti huko ni miezi ya mvua. Mwenye begi moja halipi mzigo wa ziada, hasubiri mizigo uwanjani, na akishuka kwenye gari anatembea mwenyewe bila kutafuta mchukuzi. Tuliona faida yake tangu siku ya kwanza.

Ya pili ni sala. Sisi huku tumezoea kuelekea kaskazini, tukiegemea mashariki kidogo. Kule kibla ni mashariki, ikiegemea kaskazini. Siku ya kwanza mwili ulikataa! Na saa zimepishana sita: huku mkiwa mnaadhini Alasiri, wao ndiyo kwanza asubuhi wanafungua maduka. Tulipokuwa njiani tulipunguza sala na kukusanya, na tulipokaa kwa mwenyeji wetu zaidi ya siku nne tulikamilisha, kama tunavyowafundisha watoto. Tuseme kweli, kufundisha mlango wa sala ya msafiri ni rahisi kuliko kuutekeleza ukiwa umesimama kituo cha magari na jua linazama.

Ya tatu ni usafiri. Magari ya abiria ya kule yanaitwa maxi-taxi. Ni meupe, na kila njia ina rangi ya mstari wake ubavuni. Mstari wa njano ni Port of Spain na kando yake, mwekundu unakwenda mashariki, wa kijani unakwenda kusini kuelekea San Fernando. Kituo kikubwa cha Port of Spain kinaitwa City Gate, kilikuwa stesheni ya reli zamani. Ukishajua rangi tatu hizo huhitaji teksi ya kukodi. Kutoka Port of Spain hadi San Fernando kuna pia boti ya abiria, tulilipa dola 15 za kwao kila mtu, na dola moja ya Kimarekani tulibadilisha kwa zaidi ya 6 za kwao. Feri ya kwenda kisiwa cha Tobago tulilipa dola 50 za kwao, safari ya saa kama nne. Tulilala huko siku mbili katika nyumba ndogo ya wageni, tukaoga bahari ya Store Bay, tukala mkate na samaki wa kopo, tukarudi.

Ya nne ni chakula, na hapa Allah alitupa wepesi. Waislamu wa Trinidad ni kama asilimia 5 tu kwa sensa ya 2011, lakini chakula cha halali hakina taabu. Chakula cha wenye pesa kidogo kinaitwa doubles: vipande viwili vya mkate laini wa kukaangwa, wenye manjano, katikati dengu za mchuzi, juu ukwaju na matango, unafungiwa kwenye karatasi na kula umesimama. Bei yake ni takriban dola moja ya Kimarekani. Muuzaji alituuliza pilipili kidogo au nyingi. Tukasema nyingi, kwa kiburi cha watu waliozaliwa na pilipili mbuzi. Tulilia mbele za watu! Tangu siku hiyo tulisema kidogo, tena kwa sauti ya adabu.

Tulitembea. Tuliona msikiti wa Jinnah Memorial pale St. Joseph, uliojengwa mwaka 1954, una makuba na minara inayoonekana mbali. Tulikwenda La Brea kuona ziwa la lami, ambalo mtu anatembea juu yake kwa miguu, na chini yake lami inajongea polepole tangu zama na zama. Lami yake imetandikwa kwenye barabara za nchi nyingi. Tulisema Subhaanallah, tukarudi na viatu vyeusi.

Lakini sisi tulikuwa na jambo letu tulilolitafuta. Katika vitabu tulisoma kwamba Waislamu wa kwanza wa Trinidad hawakuwa Wahindi, walikuwa Waafrika weusi kama sisi, watu wa kabila la Mandinka kutoka Afrika Magharibi, waliochukuliwa utumwani. Wengine walikuwa wamesoma, wanajua kuandika Kiarabu. Kiongozi wao pale Port of Spain aliitwa Jonas Mohammed Bath. Naye alikuwa mtumwa, akajikomboa, kisha yeye na wenzake wakaanzisha mfuko. Pesa zao hawakuziweka kwenye pombe wala starehe, waliwanunua ndugu zao Waislamu na kuwaacha huru, mmoja baada ya mwingine. Miaka ya 1830 waliiandikia serikali ya Uingereza wakiomba warudishwe kwao Afrika. Wakakataliwa. Bath alifariki mwaka 1838, mwaka uleule ambao utumwa ulimalizika kabisa katika makoloni ya Waingereza ya Karibiani.

Basi tulitaka tuone walichoacha. Msikiti, kaburi, hata jiwe. Tulizunguka Port of Spain asubuhi nzima tukiuliza kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga. Hakuna aliyetuonesha kitu. Mwenyeji wetu alituacha tuzunguke mpaka tukachoka, kisha akasema: "Nilijua hamtapata. Dini ya wale ilikwisha kwa wajukuu wao."

Alitueleza hivi. Wale Mandinka walikuwa wachache na wametawanyika, wanawake wa dini yao wachache zaidi, na shule za watoto zikawa mikononi mwa makanisa. Wazee walikuwa na elimu, walikuwa na mfuko, walikuwa na msimamo, lakini mtoto hakuwa na mahali pa kukaa chini akafundishwa. Kisha tarehe 30 Mei 1845 ikafika meli ya Fatel Razack na Wahindi wa kwanza wa mkataba. Mpaka mwaka 1917 walikuwa wamefika zaidi ya 140,000, wengi Wahindu na sehemu yao Waislamu. Nao walikuja katika kazi ngumu ya mashamba ya miwa, lakini walikuwa wengi, walikaa karibu karibu, na wakajenga misikiti na kufundisha watoto. Leo wapo Waislamu wengi wenye asili ya Afrika Trinidad, alhamdulillah, lakini wengi wao Uislamu wao ulianza upya karne ya 20. Kamba ya mwanzo ilikuwa imekatika.

Tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya ukombozi kule. Ni siku kuu ya taifa tangu 1985, na watu wenye asili ya Afrika huvaa nguo za Kiafrika na kuandamana Port of Spain. Tulipanda maxi-taxi ya mstari mwekundu kwenda kuangalia. Pembeni yetu alikaa mzee mweusi, umri wake kama miaka 80, amevaa joho la kitenge. Alitazama kofia zetu muda mrefu, kisha akauliza sisi ni watu gani. Tukasema ni Waislamu, kutoka Afrika. Akanyamaza kidogo, halafu akatuambia habari ya bibi yake mzaa mama.

Alisema bibi yake alikuwa akiamka kabla ya alfajiri, ananawa mikono, uso na miguu, kisha anakaa sakafuni kimya ameelekea linapotoka jua. Nguruwe hakuingia nyumbani kwake hata siku moja. Jumapili alikwenda kanisani kama watu wote. "Tulikuwa tukimcheka," alisema yule mzee. "Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Nami sikumuuliza. Nyinyi mnajua alikuwa anafanya nini?"

Ndugu zetu, tulijua. Lakini maneno hayakutoka. Mwenzangu alijaribu kumweleza habari za udhu na sala, mzee akatikisa kichwa polepole, akasema tu, "Kumbe." Kisha akashuka kwenye maandamano yake, na sisi tukapitiliza kituo chetu bila kujua.

Jioni ile tulifika kwenye maktab ya mwenyeji wetu, karibu na San Fernando. Watoto kama 30, wengi wa Kihindi, na weusi kadhaa, wanasoma alif na baa kwa lafudhi yao. Ukutani kulikuwa na karatasi yenye majina machache. Tukamuuliza, hawa ndio hawajalipa? Akashangaa. Akasema hawa ndio hawakuja wiki hii, na Jumamosi anakwenda nyumbani kwao kuwaona. Kuhusu kulipa, kuna mfuko wa jamaa wa msikiti, asiyeweza mfuko unamlipia, na mtoto hajui nani kalipa na nani hakulipa.

Hapo ndipo tulipomkumbuka yule mtoto wetu. Tulitazamana na kila mmoja akajua mwenzake anafikiria nini. Tulikuwa tumeuza pikipiki na kuvuka bahari kwenda kuwalilia wajukuu wa Mandinka waliokosa mwalimu, na hapa nyumbani sisi wenyewe ndio tuliomfungia mlango mtoto wa jirani kwa ada ya miezi minne. Wale walikuwa watumwa na bado walitoa pesa kumnunua ndugu yao. Sisi ni watu huru, na tulimwacha wetu aende!

Tuliporudi Bujumbura, kabla hata ya kutoa zawadi, tulikwenda kwao. Mama yake alitufungulia akaogopa, akidhani tumekuja kudai. Akasema, "Ustadh, sina kitu, mtoto sasa anauza mayai ya kuchemsha sokoni." Tukamwambia hatudai, tumekuja kuomba radhi. Na kwa kuwa kosa lilifanywa mbele ya watoto, radhi pia tuliiomba mbele ya watoto, siku ya kwanza ya madrasa. Haikuwa rahisi kwa watu wa umri wetu.

Tusiwadanganye kwamba mambo yamenyooka. Amerudi, lakini siku nyingine hukosa, mayai hayajauzwa. Akikosa siku mbili mmoja wetu anakwenda sokoni kumtafuta, na hununua yai. Mfuko tumeuanzisha, kopo dogo, bado jepesi. Ubao wa wasiolipa ada tumeutoa, tumeweka karatasi ya wasioonekana.

Enyi wazazi, mtoto wenu akiuliza kwa nini tunanawa, kwa nini tunaelekea kule, msimfukuze kwa kuwa mna kazi. Mjibuni. Na asipouliza, mwambieni. Nasi walimu wenzetu, fimbo na daftari la madeni tuviangalie vizuri, tusije tukawa sisi ndio tunaokata kamba.

Vijana mnaotaka kusafiri, safirini, dini yetu imetuhimiza kutembea katika ardhi na kuzingatia. Chukueni begi moja, jifunzeni rangi za magari, kuleni wanachokula wenyeji, jihadharini na pilipili. Na kabla hamjaondoka, angalieni kwanza nani mmemwacha nyuma mlangoni.

Tunamuomba Allah (S.W) awarehemu wale waliokufa ugenini na ibada zao zisizo na mrithi, na asiwanyime watoto wetu wa kuwafundisha. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.