Tulivyovuka Mutukula na Mtoto Mgongoni

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Hawakutuambia anakula nini yule anayetembea na mtoto wa miezi 20 mgongoni. Sisi tumekwenda na kurudi salama, na tunapenda kuwasimulia ili nanyi mkipata nafasi msiogope, lakini pia msiende kama tulivyokwenda sisi.

Nyumbani kwetu ni Muleba. Miaka yote likizo yetu ilikuwa kwenda kuwaona ndugu Bukoba mjini, au Mwanza ikiwa mfuko unaruhusu. Safari hii rafiki yetu wa Masaka, Uganda, tuliyefahamiana naye katika mkutano wa akina mama wa kanisa, alitualika kwake. Tukaandika ratiba ya siku tano kwenye daftari: Masaka, mstari wa Ikweta, wanyama wa Entebbe, na mwisho Namugongo, mahali walipochomwa moto Mashahidi wa Uganda mwaka 1886.

Mama mkwe alipoisikia ratiba hiyo alisema neno moja tu: "Nendeni ninyi. Mtoto mniachie."

Hatukumlaumu. Mwishoni mwa Oktoba 1978, askari wa Idi Amin walipovamia nchi yetu, yeye alikuwa ameolewa upande wa Missenyi, kaskazini ya mto Kagera. Alikimbia kusini akiwa na kitoto mgongoni na kitenge kimoja. Kitoto hicho ndiye baba wa watoto wetu. Kwa mama huyu, Mutukula si mahali pa kwenda kustarehe.

Mwanawe alikaa chini karibu naye akamwambia, "Mama, wewe ulinivusha tukikimbizwa. Niache nimvushe wangu kwa amani." Mama hakujibu. Asubuhi ya safari tulikuta ametufungia kahawa ya kutafuna ndani ya jani la mgomba, ile tunayompa mgeni akiingia nyumbani. "Wapeni hao mnaokwenda kwao," alisema, akarudi ndani.

Matayarisho

Mtoto, hata akiwa mdogo namna gani, anahitaji hati yake mwenyewe ya kusafiria, na huwezi kuipata bila cheti cha kuzaliwa. Anzeni mapema. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia umri wa miezi tisa, na cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, basi msingoje wiki ya safari. Tulifungasha pia chandarua chenye dawa, pakiti za ORS, vidonge vya zinki, sabuni, na chupa kubwa ya maji yaliyochemshwa.

Njiani

Kutoka Bukoba hadi Mutukula ni kilomita zipatazo 80 za lami, kati ya migomba na kahawa, kisha nchi inafunguka kuwa mbuga. Tulipofika daraja la Kyaka, lile lililolipuliwa na majeshi ya Amin mwaka 1978 na baadaye kujengwa upya, baba alimnyanyua mtoto dirishani auone mto Kagera. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Baba aliendelea kumshika vile vile mpaka daraja likaisha.

Mutukula sasa pana kituo cha pamoja kilichofunguliwa mwaka 2017. Unagongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo moja. Mtoto hakujali kwamba ameingia nchi ngeni. Alichotaka ni kumfukuza mbuzi.

Kutoka hapo hadi Masaka ni kilomita nyingine zipatazo 90, na huko ndiko tulikokosea. Joto lilikuwa kali, maji yakatuishia, mtoto akalia. Tungeweza kushuka, kupumzika na kutafuta maji salama. Lakini daftari lilisema tufike Masaka saa nane. Tukamnunulia juisi ya kupimwa kwenye ndoo kando ya barabara. Sisi ambao kazi yetu ni uuguzi, tunaowahimiza akina mama kila siku kliniki juu ya maji safi!

Usiku wa Masaka

Saa tano usiku kuhara kulianza, na kutapika juu yake. Tulichanganya ORS tukampa kijiko kimoja kila baada ya dakika moja au mbili. Akitapika, tulingoja dakika 10, tukaanza tena polepole. Tuliangalia dalili za hatari ambazo kila mama anapaswa kuzijua: mtoto kulegea, macho kudidimia, kushindwa kunywa, kutapika kila kitu, au damu katika choo. Ukiona mojawapo, usingoje kuche, mpeleke hospitali.

Mama mzazi wa rafiki yetu, ambaye wote humwita Jaja, hakulala. Alichemsha maji, akashika taa, akamwimbia mtoto. Kihaya chetu na Kiganda chake vilikutana katikati, na neno aliloturudia ni lile tunalolijua hata sisi: mpola, polepole.

Karibu na alfajiri mtoto alikojoa, akataka kunyonya. Tukamshukuru Mungu. Ndipo tukaikumbuka ile kahawa, tukamkabidhi Jaja na kumweleza aliyeituma na sababu ya woga wake. Aliitafuna punje moja, akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba Februari 1979, majeshi yetu ya Tanzania yalipoingia Masaka na mji ukabomolewa vibaya, yeye pia alikimbilia kijijini akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye rafiki yetu aliyetualika. Hatukuwa na la kusema. Alitushika mikono, tukasali pamoja.

Ratiba yafutwa

Entebbe hatukufika, wala Namugongo. Tulikaa kwa Jaja siku tatu. Mtoto alikula matoke ya kule, yanayofungwa katika majani ya mgomba, kupikwa kwa mvuke na kupondwa, akayapenda, maana ni ndizi zile zile za nyumbani ila zimevaa vingine. Siku ya nne, alipopata nguvu, tulikwenda Kayabwe ulipo mstari wa Ikweta. Watu walipiga picha. Yeye alipendezwa na beseni la maji wanaloonyeshea wageni, akalipiga makofi mpaka sote tukalowa.

Katika Mwanzo sura ya 33, Yakobo alipopatana na ndugu yake Esau baada ya uadui wa miaka mingi, Esau alitaka waongozane. Yakobo akamwomba atangulie, kwa kuwa yeye angekwenda taratibu kwa mwendo wa watoto wake. Tuliisoma sura hiyo mara nyingi bila kuona kwamba mapatano na mwendo wa watoto vimewekwa mahali pamoja.

Tuliporudi Muleba, mama mkwe alimpokea mtoto, akampapasa mwili mzima. Tukampa kifurushi kutoka kwa Jaja. Alifungua jani: kahawa ya kutafuna.

"Huyo mama," aliuliza, "ana hati ya kusafiria?"